Uanzie wapi unapohitaji msaada: njia ya kuzifikia huduma za jamii zilizo karibu nawe

Kabla ya yote: kama hivi sasa kuna mtu anayepigwa, anayetokwa damu, au anayesema atajidhuru, acha kusoma upige simu ya dharura. Katika nchi nyingi namba 112 ikipigwa kwa simu ya mkononi hukuunganisha na huduma za dharura za mahali ulipo. Kwa mtoto aliye hatarini, Kenya, Tanzania na Uganda zote zina namba 116, na nchi nyingi za Ulaya zina 116 111. Marekani, aliyelemewa na mawazo ya kujiua hupiga 988. Uingereza na Ireland hupiga 116 123 na kupokewa na Samaritans, shirika lililoanzishwa London mwaka 1953 kwa kazi hiyohiyo ya kusikiliza.

Yaliyobaki hapa ni ya ile shida nyingine, isiyopiga kelele: kodi ya nyumba iliyopitiliza, dawa zilizoisha, mzazi aliyezeeka asiye na wa kumwangalia mchana, mtoto mwenye ulemavu anayekaa nyumbani kwa sababu shule imesema haimwezi. Nimewasindikiza watu wengi kwenye ofisi za aina hii, na nimeona jambo moja likijirudia. Mara nyingi msaada upo. Mwenye shida anaukosa kwa sababu anatumwa mlango huu, akifika anaambiwa ni ule, akienda ule anaambiwa arudi Jumatatu, mpaka nauli inaisha na moyo unakata tamaa. Kwa hiyo karibu kila hatua utakayoisoma ina lengo moja, kupunguza idadi ya milango.

Hatua ya 1: Ipe shida yako jina la huduma

Mwenye shida husema, "Sina hela." Ni kweli kabisa, lakini hakuna dirisha lililoandikwa "hela". Huduma zimegawanywa kwa majina mengine: chakula, makazi, matibabu, madeni, msaada wa kisheria, malezi ya watoto, ulemavu, wazee, ukatili wa nyumbani, uraibu, ukimbizi na uhamiaji, msiba. Usipojua jina la unachokitafuta, kila utakayempigia atakwambia umekosea namba, naye atakuwa anasema kweli.

Swali ninalolitumia ni hili: kama ningepewa hela leo, ningelipia nini kwanza? Anayejibu "kodi" anatafuta huduma za makazi. Anayejibu "dawa za mama" anatafuta matibabu, pengine na huduma za wazee. Anayejibu "nauli ya kuondoka na watoto kabla hajarudi", huyo anatafuta usalama, na njia yake ni tofauti. Nimeieleza peke yake huko mbele.

Ukishapata jibu, chimba chini yake. Kodi imeshindikana kwa nini? Kazi iliisha. Iliisha kwa nini? Aliumia mgongo kazini, akaambiwa asirudi. Je, mgongo umetibiwa? Je, alilipwa alichokuwa anadai? Sasa una milango mitatu badala ya mmoja, na huenda ule wa sheria, ambao hakuufikiria kabisa, ndio wenye uzito kuliko yote. Nimekutana na watu walioomba chakula mwezi baada ya mwezi huku wanadai mafao yao wenyewe ambayo hawakujua ni haki yao.

Andika kwenye karatasi mistari mitatu tu: linalotakiwa leo, linalotakiwa wiki hii, linalotakiwa miezi ijayo. Usichanganye. Ofisi inayotoa chakula cha leo si ile inayopanga matunzo ya mwaka mzima, na ukifika kwa ya kwanza na maelezo ya pili utamchosha mtu ambaye angeweza kukusaidia kwa dakika tano.

Hatua ya 2: Tafuta mtu anayejua, kabla hujatafuta orodha

Orodha za huduma huchakaa upesi. Mfadhili anaondoka, ofisi inahama, siku za kuhudumia zinabadilika. Anayejua leo hali ikoje ni mtu anayeshughulika nazo kila siku, na watu hao wapo karibu kuliko tunavyodhani.

Hospitali kubwa nyingi zina afisa ustawi wa jamii. Wagonjwa wengi hawajui kwamba yupo, kwa sababu hakai kwenye chumba cha daktari wala haandikwi kwenye cheti. Uliza mapokezi au muuguzi wa wodi kwa maneno hayo hayo: "Ningependa kumwona afisa ustawi wa jamii." Ndiye anayejua nani anasaidia gharama, nyumba gani ya kupumzikia inawapokea wagonjwa wanaotoka mbali, na barua ya nani inafungua mlango gani. Kwa maoni yangu, kama umelazwa au unauguza, huyu ndiye mtu wa kwanza kumtafuta, hata kama shida yako haihusu ugonjwa.

Shuleni, mwalimu wa malezi au mshauri wa wanafunzi hujua mipango ya chakula, sare na karo, na mara nyingi huwa ameshafanya kazi na ofisi ya watoto. Kwenye ofisi ya serikali iliyo jirani kabisa na unapoishi, waulize ni nani anayeshughulikia ustawi wa jamii na anapatikana siku zipi. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, hubeba vichwani mwao ramani ambayo hakuna aliyewahi kuichora. Wakutubi nao, mahali penye maktaba ya umma, wamezoea kuulizwa maswali ya watu wasio na pa kulala, na wengi wao hujibu kwa utulivu na usiri.

Nyumba za ibada zina nafasi yake. Misikiti mingi na makanisa mengi yana kamati za kuwaangalia wahitaji, na baadhi ya mashirika makubwa ya leo yalianzia hapo. Mwaka 1833 mjini Paris, mwanafunzi Frédéric Ozanam na wenzake walianza kuwatembelea maskini majumbani mwao. Ndio mwanzo wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho hadi leo wanachama wake huenda kumwona mtu kwake badala ya kumngoja ofisini. Jeshi la Wokovu lilianza London mwaka 1865 na sasa linafanya kazi katika nchi zaidi ya 130. Usiogope kuuliza hata kama si muumini wao. Uliza tu mapema na waziwazi, "Je, mnawahudumia na wasio waumini wenu?" Ukishalijua jibu hutakaa pale na wasiwasi.

Halafu kuna watu ambao tunawasahau kabisa, nao ni wale waliokutangulia kwenye foleni. Mwaka 1967, mjini Phoenix, Arizona, John van Hengel alianzisha benki ya chakula inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani. Alisimulia kwamba wazo alilipata kwa mama mmoja aliyekuwa akilisha watoto wake kwa chakula kizuri kilichotupwa nyuma ya maduka, na ambaye alisema ingefaa pawepo mahali pa kukiweka, kama watu wanavyoweka fedha benki. Mwenye dhiki ndiye aliyekuwa anajua chakula kiko wapi. Kwa hiyo ukisimama kwenye foleni yoyote, msalimie aliye mbele yako, umuulize anakwenda wapi kwingine. Nimepata majibu mengi ya kweli kwenye mabenchi ya kungojea kuliko kwenye vipeperushi vilivyobandikwa ukutani.

Hatua ya 3: Tumia namba na ofisi zilizoundwa kwa ajili ya kuelekeza

Katika baadhi ya nchi kuna huduma ambayo kazi yake pekee ni kukuonyesha njia. Marekani na Kanada, ukipiga 211 unamweleza mtu shida yako, naye anatafuta kwenye kumbukumbu zake mashirika ya eneo lako. Namba hiyo ilianza Atlanta mwaka 1997 na baadaye ikasambaa. Uingereza kuna Citizens Advice, ambayo ofisi zake 200 za kwanza zilifunguliwa tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya nchi hiyo kutangaza vita, kwa sababu ilionekana wazi kwamba watu wangepotezana na ndugu, wangeingia madeni na wasingejua pa kuuliza. Hadi leo unaweza kuwafuata kwa jambo la deni, nyumba, kazi au mafao bila kulipa chochote.

Mahali pasipo na huduma ya namna hiyo, zipo taasisi tatu ambazo karibu kila mahali hufanya kazi inayofanana nayo. Ya kwanza ni chama cha Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, ambacho kipo katika nchi zaidi ya 190. Watu hudhani ni cha majanga na damu tu, lakini hicho ndicho pa kwenda kama mmepotezana na ndugu kwa vita, maafa au uhamaji, na kazi hiyo ya kutafuta haina malipo. Ya pili, kwa mkimbizi au mwomba hifadhi, ni UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Tovuti yake ya msaada imepangwa nchi kwa nchi, pamoja na mahali pa kujiandikisha na namba za kupiga. Ya tatu ni vituo vya msaada wa kisheria. Wasaidizi wa kisheria hawafanyi kesi tu. Hukutana na talaka, mirathi, ardhi, mishahara na matunzo ya watoto kila siku, kwa hiyo huwa wanawafahamu watoa huduma wengine wote.

Ukitafuta kwenye intaneti, usiandike "msaada kwa maskini". Utaletewa matangazo, maombi ya michango na matapeli. Andika jina la huduma kutoka Hatua ya 1, kisha jina la wilaya au mji, kisha kundi lako: "msaada wa kisheria", jina la wilaya, "wajane". Jaribu na lugha nyingine inayotumiwa na ofisi za hapo, maana kurasa nyingi za mashirika huandikwa kwa lugha ya wafadhili. Ukipata ukurasa, angalia tarehe ya mara ya mwisho ulipoandikwa kitu. Ukiona kimya cha miaka miwili, chukua namba ya simu tu, na maelezo mengine yote uyathibitishe upya.

Hatua ya 4: Piga simu kabla hujatoka nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipomkosea mtu. Nilimwelekeza mama mmoja kwenye ofisi ambayo niliwahi kufika mwenyewe. Alikwenda kwa miguu na mtoto mgongoni, akakuta jengo limefungwa na ofisi imehamia upande mwingine wa mji. Hakunilaumu. Lakini hakutafuta tena msaada kwa miezi kadhaa, na ile hali ya mtoto iliyokuwa ndogo ilikuwa imekua. Tangu siku ile simtumi mtu mahali ambapo sijapiga simu asubuhi hiyohiyo.

Simu ya kwanza haihitaji historia yote ya maisha. Anayepokea huenda ni mlinzi au mtu wa mapokezi, na ukimwaga kilio chako chote kwake utalazimika kukirudia kwa wa pili na wa tatu, na kila kukirudia kunaumiza. Sema kwa ufupi:

"Habari za asubuhi. Naitwa fulani, naishi eneo fulani. Natafuta msaada wa makazi kwa familia ya watu wanne. Tumepewa notisi ya kuondoka mwisho wa mwezi. Je, hili ni jambo mnaloshughulikia?"

Wakisema ndiyo, uliza haya, na kila jibu liandike: Mnamhudumia nani hasa, kuna masharti ya eneo, umri au kipato? Nije na karatasi gani? Siku gani na saa ngapi, na inabidi niandikishe miadi? Kuna malipo yoyote? Nikifika nimuulizie nani? Hilo la mwisho usiliache. Mtu anayefika mapokezi na kusema "nimeongea na dada fulani asubuhi, amesema nije" hupokelewa tofauti na anayesema "nimeambiwa kuna msaada hapa".

Wakisema hapana, usikate simu. Uliza: "Kama si ninyi, ni nani anayeshughulikia hili? Mna namba yake?" Kisha ongeza swali ambalo watu wachache huthubutu kuliuliza: "Naomba muwapigie ninyi kwa niaba yangu, muwaambie nakuja?" Ofisi ikiita ofisi nyingine mlango hufunguka. Wafanyakazi wengi watakubali wakiombwa kwa heshima, kwa sababu wenyewe wanajua adha ya kumtupia mtu namba ya simu na kumwacha. Kumkabidhi mtu mkono kwa mkono kwa namna hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote nilizoziona kati ya waliofika na walioishia njiani.

Kama huna salio, baadhi ya namba za msaada hazitozi. Tafuta hizo kwanza. Kama husikii vizuri au una kigugumizi, au unaogopa tu kuongea na ofisi, mwombe mtu apige huku umekaa naye, simu ikiwa kwenye spika.

Hatua ya 5: Andaa karatasi

Karibu kila ofisi itataka kujua mambo manne: wewe ni nani, unaishi wapi, kipato chako ni kiasi gani, na shida yenyewe ina ushahidi gani. Kwa la kwanza ni kitambulisho, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, au karatasi ya ukimbizi. Kwa la pili ni mkataba wa nyumba, bili, au barua ya kiongozi wa eneo. Kwa la tatu ni hati ya mshahara, taarifa ya benki, au barua inayothibitisha kwamba huna kazi. Kwa la nne ni cheti cha daktari, notisi ya mwenye nyumba, hati ya mahakama, cheti cha kifo.

Toa nakala za kila kitu na upige picha kwa simu. Ofisi ina haki ya kuziona karatasi halisi, lakini usimwachie mtu kitambulisho chako "kwa ajili ya kushughulikia". Karatasi ikipotea kwenye rundo la ofisi, wewe ndiye utakayeteseka kuipata nyingine.

Na kama huna karatasi kabisa, nenda hivyohivyo. Zimeungua, zimeibiwa, zimebaki kwa mume, zimebaki nchi uliyoikimbia. Wewe si wa kwanza. Mashirika mengi ya chakula na ya dharura huhudumia bila kitambulisho, na yale yanayokitaka mara nyingi yanajua namna ya kukusaidia kukipata. Liseme wakati wa simu ya kwanza, usingoje ufike dirishani.

Hatua ya 6: Siku ya kwenda

Nenda mapema, na nenda na mtu. Mwenye njaa au asiyelala usiku husikia nusu ya anachoambiwa. Mwenzako atasikia nusu nyingine. Kazi yake ni kukaa karibu, kuandika, na kukumbusha ulichosahau. Asikujibie.

Usimfanye mtoto wako kuwa mkalimani. Najua wengi hawana mwingine, na mtoto ndiye aliyejifunza lugha ya hapo haraka. Lakini mtoto anayemtafsiria daktari maradhi ya mama yake, au kumweleza afisa jinsi baba alivyompiga mama, anabebeshwa mzigo usio wa umri wake, na mama naye hataweza kusema yote. Omba mkalimani kwenye simu ya kwanza. Taasisi nyingi zina wakalimani wa kwa simu.

Sema ukweli. Wapo watakaokushauri uongeze idadi ya watoto au ufiche kazi ya kibarua. Ikigundulika utafungiwa, na hata isipogundulika utapangiwa msaada usiolingana na hali yako. Vilevile usipunguze. Watu wetu, wazee hasa, wakiulizwa "mnakula?" hujibu "tunashukuru Mungu", na afisa anaandika kwamba chakula kipo. Ukiulizwa mnakula mara ngapi, taja idadi.

Kabla hujaondoka, hakikisha unajua nini kitafuata: nani anafanya nini, kufikia tarehe gani, na usiposikia kitu umpigie nani. Kama kuna namba ya jalada, iandike sehemu mbili.

Ukiambiwa hapana

Hapana zinatofautiana, na usizichukue zote kwa uzito mmoja.

Kuna hapana ya mlango usio wako: shirika linahudumia watoto, wewe una mzazi mzee. Hiyo haikuhusu, omba jina la wanaohusika uendelee. Kuna hapana ya fungu lililokwisha. Hapo uliza fungu jipya linafunguliwa lini na kama kuna orodha ya wanaosubiri, na uandikishwe hata kama wanasema orodha ni ndefu. Watu huhama, hupata kazi, hufariki, na orodha husogea. Kuna hapana ya karatasi isiyotimia. Hiyo si hapana kabisa, ni "rudi".

Na kuna hapana ya kukosewa: ulistahili, ukanyimwa. Kama ni huduma ya serikali, omba sababu kwa maandishi na uulize namna ya kukata rufaa na una siku ngapi. Siku hizo huwa chache, kwa hiyo usikae na barua mfukoni ukiwaza. Nenda kwa wasaidizi wa kisheria juma hilohilo. Nimeona maombi yaliyokataliwa yakikubaliwa kwa sababu tu mtu alirudi na barua moja ya daktari iliyoeleza vizuri anachoshindwa kufanya: hawezi kusimama zaidi ya dakika kumi, hawezi kunyanyua ndoo, anaanguka akiamka. Jina la ugonjwa peke yake halimwelezi afisa chochote.

Hatari mbili za kujihadhari nazo

Ya kwanza ni utapeli. Anayekuomba ada ili akuandikishe, anayetaka namba yako ya siri ya benki au ya simu, anayekuharakisha kwamba nafasi zinaisha usiku huu, achana naye. Huduma za UNHCR na za washirika wake hazilipiwi, wala kutafutiwa ndugu na Msalaba Mwekundu hakulipiwi. Ukiombwa kitu kidogo kwa jambo la bure, uliza ofisi kwa namba iliyo kwenye ubao wao au tovuti yao, usitumie namba uliyopewa na huyo anayekuomba.

Ya pili ni nzito zaidi na inasemwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo nitaisema kwa sauti kamili. Hakuna mtoa msaada mwenye ruhusa ya kukutaka kimwili ili akupe chakula, hema, karatasi au nafasi. Kanuni ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 inawakataza wafanyakazi wake kubadilishana msaada kwa ngono, na inakataza ngono na aliye chini ya miaka 18, hata pale sheria ya nchi inapoweka umri mdogo zaidi. Mashirika mengi ya misaada yana kanuni kama hiyo na namba au sanduku la malalamiko. Likikupata, si kosa lako, na kulalamika hakupaswi kukukatia msaada. Kama huiamini ofisi ileile, peleka kwa shirika jingine, kwa msaidizi wa kisheria, au kwa muuguzi.

Kama unamkimbia mtu wa nyumbani mwako

Hapa utaratibu wa juu unabadilika. Usitafute kwa simu anayoweza kuishika. Tumia simu ya jirani, ya kazini, au ya kituo cha afya. Kama ni lazima utumie yako, futa namba ulizopiga na kurasa ulizofungua. Ukipiga, sema mapema kama ni salama wao kukupigia tena, na saa ngapi. Bila hivyo, simu ya msaada inaweza kuita mezani akiwa amekaa.

Anwani za nyumba salama hufichwa kwa makusudi, kwa hiyo usishangae kuwa huzioni popote. Hufikiwa kupitia namba za msaada, polisi, hospitali au ofisi ya ustawi. Ukiweza, weka nakala za karatasi za watoto, dawa na nguo chache kwa mtu unayemwamini kabla ya siku yenyewe. Saa za kuondoka ndizo zenye hatari kubwa, hivyo zipange na mtu aliyezoea kazi hiyo.

Ukimtafutia mwingine

Muulize kwanza. "Ningependa kukuulizia mahali pa kupata msaada wa dawa, unaniruhusu nitaje jina lako?" Ni sentensi fupi, na inamwachia heshima yake. Akisema hapana, unaweza bado kuulizia bila jina, kisha ukamletea namba na kumwachia aamue. Usimpige picha, usimweke kwenye kundi la simu ili watu wachangie, isipokuwa ameomba mwenyewe na ameelewa nani ataiona. Picha ya mtoto uliyoisambaza leo atakuja kuoneshwa na wenzake shuleni.

Mwenye aibu huanza na jambo dogo. Akikuomba chumvi mara ya tatu wiki hiyo, huenda anakupima kama unaweza kusikia na kubwa. Kaa naye kidogo kabla ya kuleta orodha yako.

Daftari

Kuwa na daftari moja, hata la kurasa ishirini. Kwa kila simu: tarehe, jina la shirika, uliyeongea naye, alichosema, hatua inayofuata. Lina faida mara mbili. Afisa mpya akichukua nafasi ya yule wa zamani, hutaanza upya. Na kama jambo litafika kwenye rufaa, tarehe zako zitasema bila wewe kubishana.

Msaada ukishapatikana, zungushia duara namba zilizofanya kazi na ukate mstari kwenye zile zilizokufa. Kisha wapigie waliokupa namba iliyokufa uwaambie ofisi ile imehama au imefungwa, maana kesho watampa mtu mwingine namba hiyohiyo. Toa nakala ya ukurasa wenye maduara, umwachie muuguzi, mwalimu, au katibu wa msikiti au kanisa aliyekusikiliza mwanzoni, na uandike juu yake tarehe uliyoithibitisha.